Mjukuu Niliyemkimbia

Kikohozi changu kilianza kwa adabu, kama kikohozi cha mtu yeyote. Siku za mwanzo kilikuwa kinabisha hodi. Kufikia wiki ya tatu kilikuwa kinaingia bila hodi, kinavunja vyombo na kulala kitandani kwangu na viatu vyake. Nilikohoa mpaka kuku wa jirani wakagoma kutaga. Nilikohoa kanisani katikati ya sala ya toba, na wazee waliokuwa wamesinzia tangu Pasaka wakaamka wote kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole kwamba sauti ya nne inaweza kuendelea bila mimi kwa muda, na tangu siku hiyo nikawa nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yangu, kama mtu aliyekosea harusi.

Mtanivumilia, mimi hutia chumvi. Kijijini kwetu, huku milimani juu ya Gonja, ukisikia habari za chatu mwenye urefu wa kutoka kanisani hadi kisimani, usiulize nani kasema. Marehemu mke wangu alikuwa na dawa yangu: kila nilichosema alikigawa kwa kumi, na kilichobaki alikiamini. "Umeona nyani mia shambani? Basi ni kumi. Chukua fimbo twende." Tangu alipofariki hakuna wa kunigawa. Maneno yangu yanabaki na ukubwa wake wote, yanazunguka sebuleni na kunirudia mwenyewe.

Ni kwa sababu yake niliingia shule ya jioni. Watu hudhani ni kupenda elimu. Mwalimu mmoja alikuwa amefungua masomo ya watu wazima katika darasa la shule ya msingi, nami nikaenda kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa kidevu, kwa sababu jioni ni saa mbaya kwa mtu aliyefiwa na mke. Jembe limepumzika, redio inaongea na taifa zima isipokuwa wewe, na makande ya mtu mmoja hayapikiki. Ukadirie utakavyokadiria, yanatoka ya watu sita. Nikakomaa, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi, nikafaulu, na cheti kinaning'inia ukutani pembeni ya picha ya harusi yetu. Somo langu lilikuwa biolojia. Dondakoo, kifaduro, pepopunda: niliyakariri magonjwa hayo kama watu wanavyokariri timu ya mpira. Sikufikiria kwamba mmojawapo wa wachezaji angekuja kulala kwangu.

Kuhusu kikohozi, nilifanya kama tufanyavyo sote. Sisi huku ni watu wa tangawizi. Mabonde yetu yamejaa tangawizi, magunia yetu yananuka tangawizi, na Mpare wa huku hatateremka kumwona daktari wa kifua kabla hajamaliza kuchemsha shamba lake. Jirani alileta tangawizi na asali. Mwingine akaleta tangawizi na ndimu. Wa tatu akaleta tangawizi tupu na maelekezo. Nilikunywa mpaka nikawa natoa jasho la chai. Wote walisimama mlangoni, wakanipa kikombe, wakanipa pole, wakaenda zao. Na mimi nikabaki na kikohozi, ambacho angalau kilikuwa kinanijibu.

Jumatano moja nilitapika chai yote baada ya kukohoa, nikaona mbona haya sasa yamezidi. Nikapanda bodaboda nikateremka hospitali.

Kwenye benchi la kusubiri nilikaa karibu na mama mmoja kijana kutoka vijiji vya tambarare. Alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wa kubebeka kwenye viganja viwili. Mara mtoto akaanza kutikisika. Nasema kutikisika kwa sababu sauti haikuwapo. Kichwa kilienda mbele, mbele, mbele, ulimi ukatoka, kisha akatulia. Akatulia mno. Midomo yake ikawa rangi ya bilinganya. Muuguzi alitokea sijui wapi, akampokonya, akaingia naye ndani akikimbia. Yule mama hakupiga kelele. Alisimama, mikono yake bado imekaa kama imebeba mtoto. Sisi wote pale benchini tulikodolea macho ule mlango. Ilipita muda, kisha nyuma ya mlango tukasikia kilio chembamba cha hasira, na mzee mmoja pembeni yangu akavua kofia.

Muuguzi yule yule ndiye aliyenihudumia baadaye. Ni binti wa umri wa binti yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kikohozi changu kimewafukuza hata popo."

"Hebu nisikie."

Nikamkoholea. Alisikiliza hadi mwisho, hadi pale pumzi inaporudi kwa mlio, akaacha kuandika.

"Una siku ngapi na hali hii?"

"Wiki tatu."

"Na unatapika baada ya kukohoa?"

"Ndiyo."

"Nadhani ni kifaduro, baba."

Nikacheka. "Si ugonjwa wa watoto huo? Nimeusoma mimi."

"Wakubwa wanaupata. Chanjo ya utotoni huisha nguvu, na wengine wa rika lako hawakuipata kabisa. Wewe utakohoa, utachoka, utapona. Anayekufa ni kichanga. Sindano ya kwanza anaipata akifika wiki sita. Kabla ya hapo hana kinga yake. Na wengi wao hata huo mlio hawautoi. Wanaacha tu kupumua, mama anadhani amelala." Akanipa dawa. "Hizi umeze zote, siku tano, usiruke. Mpaka uzimalize, usimsogelee mtoto. Kikohozi chenyewe kinaweza kubaki hata miezi, kisikutishe. Nyumbani kwako kuna mtoto?"

"Hakuna," nikasema. "Anakuja kesho."

Mwanangu ni mmoja tu, binti, anaishi Same mjini. Alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wa kike, na kesho yake alikuwa anamleta nimpe mate. Nieleze. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa binti hapelekwi kwa watu wa baba yake kabla babu mzaa mama hajambariki. Babu hupiga funda la maji, huyazungusha mdomoni, kisha humpulizia mtoto usoni na kifuani, akitamka maneno. Sisi ni Walutheri tangu babu wa babu, ubatizo una siku yake na mchungaji akisikia habari za mate huangalia dari. Lakini mate yanatolewa. Na babu akikataa kuyatoa, maana yake ni moja tu: ana kinyongo na binti yake. Tafsiri nyingine haijawahi kupatikana.

Binti yangu alikuwa na sababu ya kuiogopa tafsiri hiyo. Alikuwa amehamia kwa kijana wa kutoka kijiji cha Kileo bila kupita kanisani, na nilipoambiwa, nilinyamaza. Mimi, ninyamaze! Nilinyamaza tangu mahindi yanapandwa hadi yanabeba. Baadaye tukaanza kuongea kwa simu, kidogo kidogo, kwa utani, lakini uso kwa uso tulikuwa bado. Watu wa Kileo walikuwa wanamsubiri mtoto wao. Yeye alikuwa anasubiri mate yangu. Nami nilikuwa nasubiri sauti ya mtu mwingine ndani ya nyumba.

Nilimpigia simu nikiwa bado getini hospitali.

"Mwanangu, msije. Nina kifaduro."

Akacheka. "Baba, usinichekeshe, mshono unauma."

"Kweli tupu. Leo nimeona mtoto amegeuka rangi ya bilinganya."

"Na juzi ulisema ukikohoa kengele ya kanisa inalia yenyewe."

"Kikohozi ni hicho hicho."

"Haya, nagawa kwa kumi kama mama. Una mafua. Tutakuletea vidonge."

"Mwanangu, nisikilize. Safari hii usigawe. Msije."

Sauti iliyorudi haikuwa na kicheko. "Baba, kama hutaki kumwona mtoto wangu, sema hutaki. Shangazi ameshakata tiketi." Simu ikakatika.

Ningefanya nini? Nilirudi nikahama nyumba yangu. Ng'ambo ya ndiva, yaani lile bwawa dogo tunapokusanya maji ya zamu ya kumwagilia, nina kibanda cha kuhifadhia tangawizi. Nikapeleka huko blanketi, sufuria na redio. Kisha nikafungua madirisha yote ya nyumba, nikachemsha vikombe na vijiko, nikafua mashuka na kuyaanika juani. Nilikuwa nimejifunga kanga ya marehemu usoni nisije nikakoholea nilichokisafisha. Ilikuwa bado na harufu ya sabuni yake, au mimi ndiye niliyeitia. Nikapika makande nikayaacha jikoni; mara hii nilifurahi yalivyotoka ya watu sita.

Walifika Alhamisi alasiri. Niliwaona kutoka ng'ambo: binti yangu amebeba furushi kifuani, amekonda mashavu, na nyuma yake dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto na hajawahi kukubali kwamba niliteremka. Sauti ya dada yangu inaweza kuita kijiji kizima kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, bila baragumu.

"Karibuni!" nikapaza. "Mlango uko wazi! Makande yako jikoni!"

Binti yangu alinitazama, kisha akaingia ndani. Dada yangu ndiye aliyeteremka hadi ukingoni mwa maji.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nini hii?"

"Usivuke. Nina kifaduro."

"Kifaduro ni cha watoto. Wewe una uzee."

"Muuguzi kasema."

"Muuguzi kasema, au wewe umesema kwamba muuguzi kasema?"

"Dada, hivi mimi ningekimbia nyumba yangu bure?"

"Wewe uliwahi kukimbia kanisani ukasema umeona simba, akawa ndama wa mchungaji. Mtu amesafiri na kichanga kwa barabara ya Kisiwani, vumbi mpaka kwenye kope, anafika anapungiwa mkono kama basi! Unajua mwanao anafanya nini sasa hivi? Analia kwenye makande yako."

"Mwambie namwogopea mtoto."

"Mwambie mwenyewe. Jumamosi asubuhi utampa mate, watu wa Kileo wanangoja."

"Mate yangu ndiyo yenye ugonjwa."

"Mate ya mzazi hayana ugonjwa," akasema, akageuka kupanda. Mgongo wake ulikuwa umekasirika kuliko uso.

Ijumaa ilikuwa ndefu kama Kwaresima mbili. Nilikaa mlangoni pa kibanda, huku magunia matupu, huku mpini wa jembe, nikitazama nyumba yangu kama sinema. Moshi ulitoka jikoni mwangu bila mimi kuuwasha. Tangu mke wangu afariki nilikuwa sijauona moshi huo ukitoka nikiwa nje. Nepi zilianikwa kwenye kamba, nyeupe, nyingi, utadhani shule nzima ya vichanga imefungua bweni. Mara tatu nilimsikia mtoto akilia, na kila mara nilisimama, na kila mara nilikaa tena. Chakula dada yangu alikiweka juu ya jiwe katikati ya njia, akaondoka, ndipo nami nikakifuata. Nilikuwa kama mbwa mwenye cheo.

Binti yangu alipotoka kugeuza nepi nikampigia kelele, "Mchumba wangu hajambo? Mwambie mahari nimeshaandaa!" Kwetu babu na mjukuu wa kike hutaniana hivyo, na nilidhani atacheka. Aligeuza nepi ya mwisho, akaingia ndani. Sikusikia hata mlango. Aliufunga polepole, na hilo liliniuma kuliko kama angeubamiza.

Redio nilikuwa nayo, lakini sikuiwasha. Nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Muuguzi alikuwa amenitia hofu ya aina mpya: mtoto akilia sikuwa na wasiwasi, akinyamaza ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile wiki tatu nikikohoa kila kona. Nilisafisha kila kitu, ndiyo, lakini nani ajuaye pumzi inakaa wapi?

Jumamosi asubuhi umande ulikuwa bado kwenye tangawizi nilipomwona dada yangu anazunguka ndiva. Hakuwa na sahani. Amevaa kitenge chake cha kanisani, na kifuani amembeba mtoto, amefunikwa kanga nyekundu, na mkononi ana kikombe cha maji.

"Dada, simama hapo!"

"Sisimami. Ulikataa kuja kwa mtoto, mtoto amekuja kwako."

"Dada, nakuomba!"

"Tema mate hapa, unyamaze."

Nikakimbia.

Mkiniona leo nikiwa kiongozi wa benchi la nyuma la kanisa hamtaamini, lakini nilikimbia. Mzee mwenye cheti cha kidato cha nne, peku, blanketi mabegani, napanda mlima katikati ya matuta ya tangawizi, namkimbia mtoto wa wiki tatu! Nyuma dada yangu anapiga yowe, "Tazameni mwanamume huyu! Anamkimbia mjukuu! Tazameni!" Hakukuwa na wa kutazama ila mbuzi wa jirani, na mbuzi alitazama kwelikweli. Nyuma ya dada nikasikia sauti ya binti yangu, inapasuka: "Shangazi, mwache! Mwache tu! Amekataa, amekataa! Baba, nimekuelewa!"

Ningegeuka nimjibu. Lakini mlima na kifua havikuwa vimepatana. Nilifika kwenye ukuta wa mawe wa ndiva, upande wa juu, na kikohozi kikanikamata.

Kikohozi hiki hakikupi nafasi ya kuvuta hewa. Kinatoa, kinatoa, kinatoa tu, kama mtu anayekung'uta gunia hadi punje ya mwisho, na wewe unangoja ruhusa. Macho yakajaa, masikio yakaziba. Nilipiga magoti. Mkono mmoja nilishika jiwe, mwingine nilikuwa nawapungia wasisogee. Kisha tundu dogo likafunguka na hewa ikapita kwa ule mlio, mrefu, mwembamba, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Kikaanza tena. Kikanipeleka mara nyingine hadi mahali ambapo unaona nyota mchana. Ukaja tena mlio. Nikatapika maji matupu, nikabaki kwenye magoti, kidevu kinadondosha mate yale yale waliyokuwa wanayataka.

Nilipoweza kuinua uso, dada yangu hakuwapo. Nilimwona mbali kule chini, ameugeuzia mlima mgongo, amejikunja juu ya mtoto kama mtu anayelinda moto usizimwe na upepo, anakwenda haraka kuelekea nyumbani. Kikombe alikuwa amekitupa. Binti yangu alisimama ng'ambo ya mfereji unaoleta maji ndivani, mikono mitupu, ameziba mdomo.

"Baba."

"Usisogee."

"Sisogei." Akakaa chini hapo hapo alipo, kwenye umande. "Ndivyo kinavyokuwa?"

"Leo kimejizuia. Kimeona wageni."

"Baba, acha."

Nikaacha. Maji ya mfereji yalipita katikati yetu.

"Mbona hukusema ni hivi?" akauliza.

"Nilisema."

"Ulisema kama unavyosema kila kitu."

Nikafuta kidevu kwa blanketi. Ni kweli.

"Nilijua hujanisamehe," akasema. "Njia nzima kutoka Same nilikuwa namwambia shangazi, utaona, baba atatafuta sababu."

"Nilikusamehe kabla mahindi hayajakauka. Nilikuwa nangoja uje nikuambie."

"Si nimekuja."

"Basi ndiyo nakuambia. Kutoka huku."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Hiyo nayo nigawe kwa kumi?"

"Hiyo usigawe."

Tulikaa hivyo, sijui muda gani, kila mtu upande wake wa mfereji. Hakunisaidia kusimama, nilimwona anataka, na nilimwona anajizuia, na nilimpenda kwa kujizuia kule. Kisha mtoto akalia nyumbani na maziwa yakamlowesha nguo, akaondoka.

Jioni dada yangu aliteremka hadi ukingoni, akaweka sahani kwenye jiwe, lakini hakuondoka. Alisimama akitazama maji.

"Mlio ule nilishausikia," akasema. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kabla yako mama alikuwa na mtoto mwingine."

"Sikuwahi kuambiwa."

"Baba alikuwa anakohoa mwaka ule, analia hivyo hivyo kama jogoo. Tukamcheka sana sisi watoto, tukawa tunamwigiza. Yule mdogo hakukohoa hata kidogo. Mama alisema amelala." Akainama, akasogeza sahani katikati ya jiwe kana kwamba ilikuwa inataka kuanguka. "Kesho tunateremka naye hospitali wamwangalie, kisha tunarudi Same. Kileo watangoja. Nitawaambia mimi. Wakitaka maneno, ninayo."

Niliwaonea huruma watu wa Kileo.

Waliondoka Jumapili asubuhi, kijiji kikiwa kanisani. Nilisimama mlangoni pa kibanda. Binti yangu alipunga mkono, na mara hii alipunga kama mtu anayepungia mtu. Walipofika kwenye kona, dada yangu alisimama, akafunua kanga, akamwinua mtoto kunielekea. Ningewaambia kwamba nilimwona pua, ni ya bibi yake. Ningewaambia alinitazama akatabasamu. Niliona kitu cheupe, ukubwa wa kiazi, kikinyanyuliwa kisha kikafunikwa.

Walipotoweka nilichota maji ya ndiva kwa kiganja, nikapiga funda. Nikateremka njiani, pale walipopita, ambapo nyayo za viatu vya dada yangu zilikuwa bado kwenye udongo. Nikayazungusha mdomoni. Nikapulizia njia. "Ukue," nikasema. "Ulale, uamke. Pumzi yako iwe ndefu kuliko ya babu yako." Matone yalikaa kidogo juu ya vumbi, halafu yakazama. Kama mate hufuata njia au hayafuati, biolojia ya shule ya jioni haikufika huko.

Nikahamia tena nyumbani. Dada yangu alikuwa amefagia mpaka chini ya kitanda, amepanga vikombe kwa namna yake, na sufuriani makande yalikuwa yamebaki. Niliyala siku mbili.

Mchana wa Jumatatu binti yangu alipiga simu. Mtoto hakuwa na kitu, lakini hospitali walimpa dawa ya kumkinga, na yeye mwenyewe, na shangazi pia, ambaye alidai dozi kubwa kuliko wote kwa sababu alisimama karibu zaidi. Tukakubaliana: hata nikimaliza vidonge, sitamshika mpaka apate sindano zake. Yeye ndiye aliyependekeza, kwa woga, akidhani nitabisha. Nilimwambia mchumba wa kweli hungoja.

Na nangoja. Dawa zimekwisha zamani; kikohozi kimebaki kama mpangaji mkorofi, kinatoka siku mbili kinarudi ya tatu. Sindano ya kwanza alichomwa, akalia, nikasikilizishwa kilio chote kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi jioni, ile saa ambayo zamani nilikuwa nakwenda darasani, binti yangu hupiga. Akishaniambia habari za Same huuliza, "Nikuwekee?" Nami husema weka. Anaiweka simu karibu na mtoto aliyelala. Mwanzoni nilikuwa naongea, naimba, nampangia mahari. Sasa nanyamaza. Inakuja pumzi, ndogo, kama mtu anapuliza uji. Inakuja nyingine. Katikati ya moja na nyingine huwa najikuta nimeizuia yangu.

"Baba, upo?"

"Nipo."

Jumapili iliyopita baada ya ibada wazee walinizunguka nje ya kanisa. Walikuwa wamesikia habari za mzee aliyekimbizwa na kichanga. Dada yangu hana siri. Walijua nitawapa hadithi ya kuwatosha wiki nzima, wengine walishaanza kucheka kabla.

"Haya, tuambie," mmoja akasema. "Mjukuu yukoje? Ana meno mangapi? Ameshaanza kuhubiri?"

Nikafungua mdomo kutafuta chumvi. Sikuipata.

"Anapumua," nikasema.

Walingoja iliyobaki. Walipoona haiji wakacheka tu, wakadhani ndiyo utani wenyewe, wakatawanyika kwenda kula. Nami nikashika njia ya kwangu, nikawahi kuinjika makande kabla saa ya simu haijafika.